Maoni: Bastola ya shabaha huchaguliwa kwa mkono, si kwa ukubwa wa risasi

Picha inafika Bukavu, Uvira au Baraka kupitia WhatsApp. Kijana aliyeondoka na wazazi wake kutoka kambi ya wakimbizi, leo anaishi Louisville, Des Moines au Fort Worth. Amesimama kwenye uwanja wa kulenga shabaha, vifunika masikio kichwani, bastola nyeusi mkononi. Wenzake waliobaki nyumbani wanauliza swali moja: «Ni kaliba gani?» Akijibu kwamba ni .45, wanampigia makofi. Akijibu kwamba ni 9 mm, wananyamaza. Akisema ni .22, wanamwambia hiyo ni ya watoto.

Swali hilo lingepaswa kuulizwa mwisho, nalo linaulizwa kwanza. Kijana anayenunua bastola ili apigiwe makofi atalipa pesa nyingi, atalenga vibaya, na anaweza kuingiza nyumbani kwake hatari ileile ambayo wazazi wake waliikimbia. Anayetaka kweli kujifunza mchezo wa shabaha anaanzia penginepo: mkono wake, sheria ya mahali anapoishi, na watu anaolala nao nyumba moja.

Jambo hili linawahusu watu wa mashariki mwa Kongo kwa sababu iliyo wazi. Katika miaka ya bajeti ya 2023 na 2024, DRC ndiyo iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote kati ya waliopokelewa Marekani kwa mpango wa serikali. Mwaka 2023 peke yake walipita 18,000. Mpango huo ulisimamishwa Januari 2025, lakini waliokwisha kufika wapo, wanafanya kazi, wanalea watoto. Wanaishi katika nchi ambako bastola inauzwa dukani kwa ruhusa ya sheria, na ambako katika majimbo mengi watu huenda kulenga shabaha Jumamosi kama vijana wa Kadutu wanavyoenda kwenye mpira.

Mchezo wenyewe hauna aibu. Umekuwemo katika Olimpiki tangu michezo ya Athens mwaka 1896. Mtu anayekumbukwa sana ndani yake ni Károly Takács, askari wa Hungaria. Mwaka 1938 guruneti lilimlipukia na kumharibu mkono wa kulia, mkono aliokuwa akilengea. Akajifunza kimyakimya kulenga kwa kushoto, akashinda medali ya dhahabu London mwaka 1948, kisha nyingine Helsinki mwaka 1952. Bastola ya mchezo wake ilikuwa ya kaliba ndogo. Ushindi ulitoka katika mkono uliofundishwa upya.

Na kaliba yenyewe ni nini? Ni upana wa risasi, au masasi kama wengi wanavyosema Kivu. Ile ya .22 ina upana wa karibu milimita 5.6. Ya 9 mm inajieleza kwa jina lake. Ya .45 ina karibu milimita 11.4. Risasi ya kawaida ya 9 mm ina uzito wa gramu 7 na nusu hadi 8, ya.45 ina karibu gramu 15, mara mbili. Kinachosukumwa mbele kwa nguvu kinarudisha nguvu nyuma, kwenye kiganja, kwenye kifundo cha mkono, kwenye bega. Bastola yenye teke kali humfundisha anayeanza jambo moja baya: kufumba macho na kusukuma mkono chini kabla risasi haijatoka.

Hesabu ndogo inaonyesha hasara yake. Katika mashindano ya kimataifa ya mita 25, duara la pointi 10 katika shabaha ya usahihi lina upana wa milimita 50. Tundu likigusa mstari wa duara, pointi inahesabiwa. Kwa hiyo risasi ya .45, kwa kuwa ni pana, inampa mlengaji faida ya milimita moja na kidogo kuliko ya 9 mm. Lakini mtutu ukipinda nyuzi moja tu wakati wa kufyatua, risasi itaangukia karibu sentimita 44 mbali na pale palipolengwa. Faida ni milimita moja. Hasara ya mkono ulioogopa ni nusu mita. Hakuna mfanyabiashara mwenye akili anayekubali biashara ya namna hiyo.

Wenye kazi ya silaha waliliona hilo. Jeshi la Marekani lilichukua bastola ya .45 ya John Browning mwaka 1911 na kuitumia kama bastola yake ya kawaida hadi mwaka 1985, lilipochukua Beretta ya 9 mm. Mwaka 2017 lilipobadilisha tena, likachagua SIG Sauer, nayo ya 9 mm. Polisi wa upelelezi wa FBI walikuwa wamehamia .40, kisha wakarudi 9 mm, kwa sababu askari wao wengi waliipiga kwa haraka zaidi na kwa usahihi zaidi. Ikiwa wao hawaoni haya kushika 9 mm, kijana anayetoboa karatasi siku ya mapumziko anamwogopa nani?

Hata kwenye mashindano yanayoitwa ya kaliba kubwa, mambo hayako kama wanaopiga makofi wanavyofikiri. Shirikisho la kimataifa la mchezo huo, ISSF, lina shindano la wanaume la mita 25 ambalo linakubali risasi za milimita 7.62 hadi 9.65. Maana yake .45 haiingii kabisa. Na mabingwa wengi hawachukui hata 9 mm. Wanachukua .32, risasi ya karibu milimita 8 yenye mwendo wa pole, kwa sababu haiusumbui mkono. Waliofika juu kabisa wanatafuta utulivu, na anayeanza ndiye anayetafuta mshindo.

Kuna jibu ambalo wapenzi wa kaliba kubwa hutoa, na lina ukweli wake. Katika mashindano ya IPSC, ambayo mlengaji hukimbia na kupiga shabaha nyingi kwa haraka, baadhi ya madaraja humpa pointi zaidi mwenye risasi yenye nguvu pale anapokosa katikati. Ni kweli. Lakini mashindano hayohayo yana daraja la bastola za kawaida za dukani, ambamo kila mtu huhesabiwa sawa, mwenye nguvu na asiye na nguvu. Humo 9 mm ndiyo iliyojaa, na humo ndimo anayeanza anapopaswa kuingia. Siku atakapokuwa amekomaa, atajua mwenyewe kama anahitaji zaidi.

Basi achague vipi? Hatua ya kwanza ni kutonunua. Viwanja vingi vya shabaha Marekani hukodisha bastola kwa saa. Aende, aombe mwalimu, aanze na .22. Risasi zake ni za bei ndogo na teke lake ni dogo, hivyo makosa yanaonekana waziwazi kwenye karatasi. Baada ya hapo ajaribu 9 mm tatu au nne tofauti kabla ya kufungua mfuko.

Mkononi aangalie mambo manne. La kwanza ni kishikio. Kiganja kikae juu kabisa bila nafasi tupu, na kidole cha shahada kikifikie kifyatulio bila kuizungusha bastola. Mwenye mkono mdogo akilazimisha kishikio kinene atakosa kila siku bila kujua kwa nini. La pili ni uzito. Glock 17 ya plastiki ngumu, bila magazini, ina gramu 600 na kidogo. CZ Shadow 2 ya chuma, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano, inapita kilo moja na gramu 300. Uzito humeza teke, ila pia huchosha mkono, na kila mtu ana kipimo chake. La tatu ni kifyatulio. Kivutwe kwa ulaini, kiachie mahali palepale kila mara, bila kukwaruza. La nne ni alama za kulengea. Zionekane wazi na ziwe mbali moja na nyingine, ndiyo maana mtutu wa inchi 5 ni rahisi kulengea kuliko ule wa inchi 3. Vibastola vifupi vya kuficha kiunoni havikutengenezwa kwa shabaha, na vyenye kaliba kubwa hupiga teke kuliko vyote.

Kisha kuna pesa. Sanduku la risasi 50 za .45 kwa kawaida linagharimu kuliko la 9 mm, na mchezo huu hauna njia nyingine ya kujifunza isipokuwa kurudia. Kijana yuleyule ndiye anayelipa nyumba na kutuma pesa za masomo ya wadogo zake Uvira. Kila pesa inayoenda kwenye mshindo mkubwa inatoka mahali fulani, na mama yake anajua ni wapi.

Zaidi ya pesa kuna sheria, na hapa kosa halifutiki kwa kuomba radhi. Sheria ya shirikisho la Marekani inamtaka anayenunua bastola kwa mfanyabiashara mwenye leseni awe na miaka 21, ajaze fomu na kukaguliwa. Majimbo yana sheria zao juu ya hiyo: kinachoruhusiwa Texas kinaweza kumfunga mtu New York. Kutoa jibu la uongo kwenye fomu ni kosa la jinai. Kumnunulia binamu kwa pesa ya binamu, huku fomu ikisema mnunuzi ni wewe, nako ni kosa, hata kama katika ukoo kusaidiana ni jambo la kawaida. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kumpiga mke wake haruhusiwi kabisa kuwa na silaha.

Na kwa asiyekuwa raia bado, hata mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, hukumu ya kosa la silaha inaweza kuwa sababu ya kufukuzwa nchini. Familia iliyongoja miaka mingi kambini Nyarugusu au Nakivale inaweza kumpoteza mtoto kwa sababu ya kitu alichokinunua kwa ajili ya kujifurahisha. Tena asithubutu kufikiria kuituma Kongo. Kusafirisha bastola nje ya Marekani kunahitaji kibali, na Kongo yenyewe, ambayo ina sheria yake ya silaha tangu mwaka 1985, haihitaji hata bunduki moja zaidi.

Kuna pia watu wa nyumbani. Mlio wa bastola unapita desibeli 140, na mlio mmoja tu bila kinga unaweza kuharibu masikio. Kwa mama aliyetoka Kalehe, Fizi au Masisi usiku, mtoto mgongoni, mlio huo unaweza kuvunja zaidi ya masikio. Mwenye kupenda mchezo huu hawezi kumwambia mama yake kwamba ni mchezo tu, kisha akaiacha bastola mezani. Iwe tupu, ifungwe katika sanduku la chuma, risasi zikae mahali pengine na ufunguo ukae kwake peke yake. Hata mtoto mdogo anaweza kuwa na nguvu ya kutosha kuvuta kifyatulio. Akirudi kutoka uwanjani anawe mikono kabla ya kumshika mtoto, kwa sababu vumbi la risi ya risasi ni sumu. Asiyeweza kutimiza hayo aendelee kukodisha pale uwanjani na kuirudisha pale pale. Atakuwa mlengaji kamili bila kumiliki hata kipande cha chuma.

Mwisho ni zile picha. Goma ilianguka Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari. Mahali ambapo wenye bunduki wanaweza kumsimamisha kijana barabarani na kufungua simu yake, picha ya kaka yake wa Marekani akiwa na bastola inaweza kumletea maswali ambayo hana namna ya kuyajibu. Aliye Fort Worth anapata makofi, na aliye Kivu ndiye anayebaki na hatari.

Kama lazima picha itumwe, kuna moja isiyomdhuru mtu: karatasi ya shabaha, matundu yake yote yakiwa yamekusanyika katikati, bila silaha yoyote kuonekana. Anayejua mchezo huu ataelewa mara moja. Na mwenye kuuliza ni kaliba gani hatakuwa na la kusema, kwa sababu matundu yaliyokusanyika hivyo hutoka kwenye mkono uliotulia, iwe ni .22 au .45.