Kihamba kifundishwe shuleni
Mwaka 1978, Bill Mollison na David Holmgren wa Australia walipochapisha kitabu chao cha kwanza kuhusu kilimo cha kudumu, Wachaga wa Kilimanjaro tayari walikuwa na vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, vya karne nyingi: juu miti mirefu, chini yake migomba, kisha kahawa iliyoletwa na wamisionari, na magimbi kivulini. Ng'ombe zizini hula majani ya migomba, na samadi yake hurudi shinani. Wapo wanaosema vihamba vimegawanywa mno, havilishi tena familia. Ni kweli ardhi imepungua, lakini penye eneo dogo ndipo mpangilio unapohitajika zaidi. Ujuzi wa kupanga kihamba hauingii kwa semina ya siku mbili, unataka misimu. Wizara ya Elimu iuweke kwenye mtaala, na kila shule yenye ardhi ianze na migomba.