Arubuni ya mpiga picha si dharau kwa wenye harusi

Ni nadra siku hizi kuona harusi ya mjini isiyokuwa na kamati yake. Kamati hiyo ina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Hukutana kila juma, huandika ahadi za ndugu, jamaa na marafiki, na kuhesabu ni ngapi zimekwisha kulipwa. Fedha inapoanza kupatikana, mwenye ukumbi hulipwa kwanza, maana asipolipwa hafungui mlango. Mpishi hupewa fedha ya mchele, nyama na mafuta, maana hawezi kuinjika sufuria tupu. Mpambaji hupewa chake, na wapiga matarumbeta hupewa chao. Mwisho wa orodha hukaa mpiga picha, ambaye huambiwa asiwe na wasiwasi, aje afanye kazi, na haki yake ataipata baada ya shughuli.

Baada ya shughuli mambo hugeuka. Ahadi nyingine hazikulipwa, vinywaji vimezidi makadirio, maarusi wamekwenda fungate, na kamati imekutana kwa mara ya mwisho kujipongeza na kujivunja. Mpiga picha akienda kwa mwenyekiti huelekezwa kwa mweka hazina. Mweka hazina humpeleka kwa baba wa bwana harusi. Naye baba husema kwamba kila kitu alikikabidhi kwa kamati. Wahenga walikwisha kusema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Katika jambo hili wimbo wa harusi huimbwa na wengine, na matanga huachiwa mfanyakazi aliyekesha na kamera begani.

Wala hasara hiyo haimwangukii yeye peke yake. Mpiga picha asiyelipwa huzishika picha kama rehani. Bibi harusi hukaa miezi mingi bila ya kuiona sura yake ya siku ile, na bibi mzee aliyesafiri kutoka kijijini kuja kumbariki mjukuu wake huenda akafariki kabla ya kuletewa picha. Deni dogo lisilopangwa mapema huzaa ugomvi baina ya watu ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kugombana.

Dawa ya ugonjwa huu ni kulipa kabla ya kazi, kwa kiasi kinachojulikana na kwa tarehe inayojulikana. Wapo wanaoichukulia rai hii kuwa ni dharau, kana kwamba mpiga picha anayedai fedha mapema anawatuhumu wenye harusi kwamba ni matapeli. Fikira hiyo haina msingi. Watu wa pwani wana neno arubuni, yaani fedha inayotangulizwa ili mapatano yashike. Seremala hapasui mbao za kitanda kabla ya kupewa kianzio, wala fundi cherehani hanunui kitambaa cha mteja kwa fedha yake mwenyewe. Tena ajabu ni kwamba watu wanaoona haya kutoa arubuni kwa mpiga picha ndio hao hao waliotangulia kupeleka kishika uchumba kwa wazazi wa binti. Hapana aliyekiona kishika uchumba kuwa ni matusi. Kila mtu alielewa kwamba neno tupu halimzuilii mtu nafasi yake.

Huenda sababu mojawapo ya dharau hii ni mabadiliko ya vyombo. Enzi ya filamu gharama ilionekana kwa macho. Mkanda wa kawaida wa milimita 35 ulitoa picha 36, na filamu ya kamera kubwa zilizotoa picha za mraba ilitoa 12 tu. Baada ya hapo kulikuwa na dawa ya kusafishia na karatasi ya kuchapia. Mteja alijua kwamba kila mwako wa taa ulikuwa na bei yake. Kamera ya sasa haina mkanda, basi watu hudhani kwamba picha haina gharama. Wanasahau bei ya kamera yenyewe na lenzi zake, betri, kadi za kuhifadhia picha, kompyuta, umeme, nauli, msaidizi, na siku kadhaa za kuchagua na kusafisha picha mamia baada ya wageni kulala.

Lakini hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya tarehe. Mwaka una Jumamosi 52. Kwaresima peke yake hula 7 kwa harusi za makanisa mengi, na mwezi wa Ramadhani hula 4 au 5 kwa harusi za Waislamu. Zinazobaki ndizo mtaji wa mpiga picha, naye hawezi kuwa katika harusi mbili kwa saa moja. Akikubali kuishika tarehe ya mteja mmoja, amewafungia mlango wengine wote. Harusi ikivunjika siku tatu kabla, nguo iliyoshonwa yaweza kuuzwa na mchele waweza kurudi ghalani, lakini Jumamosi iliyopita haipati mnunuzi. Arubuni, basi, ni bei ya kuushika mlango huo.

Hata sheria ya nchi haiwaachi maarusi wafanye mambo kwa kushtukiza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku 21 kabla ya siku ya ndoa. Ikiwa msajili anastahili kuarifiwa majuma matatu mapema, hapana ugumu wa kukamilisha mapatano na mpiga picha katika muda huo. Nayo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haitaki maneno makubwa: watu wenye uwezo kisheria, wakikubaliana kwa hiari, kwa malipo halali na kwa jambo halali, wamefunga mkataba. Mkataba wa mdomo nao ni mkataba, ila shida yake ni ushahidi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa simu nao unatambuliwa kisheria, kwa hiyo hata anayelipa kwa simu anaweza kubaki na ushahidi wake mkononi.

Mpango wenyewe si mgumu. Mathalani kazi ya shilingi 900,000 yaweza kugawanywa mafungu matatu: 300,000 siku ya kuishika tarehe, 450,000 siku saba kabla ya harusi, na 150,000 siku ya kukabidhi picha. Fungu la kwanza humlinda mpiga picha na harusi inayovunjika. Fungu la pili hulipwa wakati kamati ingali hai na hazina ingali na kitu. Fungu la tatu humlinda mteja na uzembe, kwa maana mpiga picha aliyekwisha kupokea senti ya mwisho huweza kulala usingizi juu ya kazi ya watu.

Jambo hilo la mwisho halifai kupuuzwa. Wapo wapiga picha waliochukua arubuni na kutoweka, na wapo waliopatana kuja wenyewe kisha wakamtuma mwanafunzi asiyejua kushika kamera. Watu hao wameichafua kazi ya wenzao, na ndio waliowafanya wateja waogope kutanguliza fedha. Kwa hiyo anayedai arubuni hana budi naye kujifunga. Atoe stakabadhi. Aandike atakuja saa ngapi, ataondoka saa ngapi, atatoa picha ngapi na kwa siku ngapi. Aandike kwamba yeye akishindwa kufika atairudisha fedha yote, na kwamba akiugua atamleta mwenzake mwenye ujuzi ulio sawa na wake. Harusi ikiahirishwa kwa msiba, ubinadamu wataka arubuni ihamie tarehe mpya bila ya nyongeza. Wala asitumie mkataba kuwa mtego: kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba hutoa fidia iliyo ya kadiri, hata kama waliopatana waliandika adhabu kubwa zaidi. Arubuni ya kadiri huheshimiwa. Arubuni ya kukomoa haina mtetezi.

Kwa upande wao, kamati za harusi zina mambo mawili ya kurekebisha. La kwanza ni kuacha kumlipa mpiga picha kwa ahadi. Ahadi ya mjomba aliyeko safarini si fedha, na haifai kupangiwa mtu aliye kazini. Mpiga picha awekwe katika makadirio tangu kikao cha kwanza, na alipwe kutokana na fedha taslimu iliyomo hazinani. La pili ni saini. Kamati ya harusi si kampuni wala si chama kilichoandikishwa. Ikivunjwa, haina mlango wa kubishwa. Basi mapatano yatiwe saini na mtu mwenye jina, awe bwana harusi, mzazi au mwenyekiti, ambaye atabaki kuwa mdaiwa hata baada ya mapambo kushushwa.

Husemwa kwamba masharti ya namna hii yatawaumiza wenye kipato kidogo. Ukweli ni kinyume chake. Mwenye kipato kidogo huumizwa na deni linalomjia kwa mkupuo siku ya pili ya harusi, wakati mfuko umekauka. Akigawiwa malipo kwa mafungu tangu mapema hupumua, na akiona bei imemzidi huomba kazi ndogo zaidi, kwa mfano picha za kufunga ndoa peke yake. Husemwa pia kwamba aliye ndugu au jirani hafai kudaiwa mapema. Huo nao ni undugu wa kuegemea upande mmoja. Ndugu akitaka kumsaidia ndugu yake, ampunguzie bei waziwazi na kiasi kiandikwe. Lakini kumfanyisha mtu kazi usiku kucha kisha kumlipa kwa jina la udugu ni unyonyaji uliovishwa nguo ya harusi.

Miongoni mwa imani za TANU zilizowekwa katika Azimio la Arusha mwaka 1967 ilikuwamo hii, kwamba kila mtu ana haki ya kupata malipo ya haki kwa kazi yake. Imani hiyo haikuwekwa kwa ajili ya viwanda na mashamba peke yake. Kijana aliyekopa ili anunue kamera, akaitikia wito wa kujiajiri, ni mfanyakazi kamili, na rejesho la mkopo wake halingoji michango ya harusi ya mtu. Wananchi wanaomwita katika siku yao ya furaha wampe chake kabla ya siku hiyo, kwa maandishi na kwa moyo mweupe, na wapiga picha nao waonyeshe kwa kazi safi na kwa kutimiza tarehe kwamba wanastahili kuaminiwa.