Nyimbo za Uzalendo: Zatuunganisha au Zatutenga?

Katika nchi yetu ya Uganda ni nadra kuona kambi ya jeshi au chuo cha polisi ambamo siku huanza kimya kimya. Kabla jua halijachomoza, makuruta wamekwisha kupanga mistari, miguu imekwisha kushika mapigo, na sauti ya kiongozi mmoja inajibiwa na sauti za mamia. Huo ndio mchakamchaka, na nyimbo zake aghalabu huwa za Kiswahili. Nyingi kati ya hizo zina umri mkubwa kuliko wale wanaoziimba. Zimepokezanwa na vikosi, kizazi hata kizazi, wala si mara nyingi mtu akasimama kuuliza zilitoka wapi, au zinamwambia nini mwananchi anayezisikia akiwa nje ya seng'enge.

Sisi twapenda kuliuliza swali hilo leo. Je, nyimbo za uzalendo tulizorithi zawaunganisha watu wa taifa letu au zawatenga? Jambo hili si la walimu wa muziki peke yao. Lawahusu ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi kuliko watu wengine, kwa kuwa hakuna kundi jingine nchini linaloimba kwa pamoja, hadharani, siku baada ya siku, kama wao.

Tuanze na manufaa, maana hayo hayana ubishi. Katiba yetu ya mwaka 1995 yaagiza kwamba jeshi na polisi waandikishwe kutoka kila wilaya ya Uganda. Kwa hiyo kijana wa Karamoja hujikuta amelala bwenini karibu na kijana wa Kigezi. Wa Busoga hula sahani moja na wa West Nile. Siku za mwanzo hawasikilizani lugha. Hata hivyo, kabla hawajaweza kuzungumza, wamekwisha kuweza kuimba pamoja. Wimbo huwapa pumzi moja na hatua moja. Yule aliyechoka hubebwa na sauti za wenziwe, na yule mwenye hofu hujiona kuwa si peke yake. Mkufunzi yeyote mwenye uzoefu atakubali kwamba wimbo mzuri hufundisha umoja upesi kuliko hotuba ndefu. Anayetaka nyimbo za askari zipigwe marufuku, basi, haijui kazi ya askari.

Walakin wimbo una pande mbili: upande wa kooni mwa anayeimba, na upande wa sikioni mwa anayesikia. Sisi askari na wananchi tumezoea kuupima upande wa kwanza tu. Twasema wimbo ni mzuri kwa sababu umetupa nguvu. Hatuulizi umempa nini mama aliyeamka alfajiri kuteka maji, akausikia ukivuma kutoka barabarani.

Yafaa tukumbuke historia. Jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu waliliita Keya, liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Uganda, Afrika ya Mashariki na Afrika ya Kati. Askari wake walipigana na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, na katika Vita Kuu ya Pili walipelekwa Ethiopia, Madagascar na Burma. Katika safari hizo ndimo nyimbo za Kiswahili za kijeshi zilimokomaa, ukiwamo ule mashuhuri uitwao "Funga Safari", unaohusu kuondoka kwa amri ya mkubwa na ya jeshi lenyewe. Hatukatai kwamba wimbo huo uliwaunganisha Waafrika wa makabila mengi. Lakini uliwaunganisha kwa ajili ya nani? Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari nchini Kenya mwezi wa Oktoba 1952, vikosi vya Keya, pamoja na kile cha nne kilichotoka Uganda, vilitumwa kupambana na wapiganaji wa Mau Mau. Mwafrika alimwinda Mwafrika mwenziwe kwa amri ya mgeni. Umoja wa askari ulikuwapo, na nidhamu ilikuwapo. Kilichokosekana ni mwananchi. Hakuwa na mahali ndani ya wimbo ule, wala ndani ya kazi iliyotendwa na walioimba.

Tulipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, bendera ilibadilika na jina la jeshi likabadilika. Hata hivyo, desturi nyingi za kambini zilibaki kama zilivyokuwa. Kisha ukaja utawala wa Idi Amin, mwaka 1971 hadi 1979. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya taifa. Pengine tangazo hilo lingekuwa jambo la heri, lakini wananchi wengi, hasa wa kusini na kati, waliijua lugha hiyo kwa kuisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Waliisikia katika amri ya kusimama, ya kushuka garini, ya kulala chini na ya kutoa mali. Hivyo ndivyo lugha ya watu wa pwani, yenye mashairi na adabu, ilivyogeuka katika masikio ya raia kuwa lugha ya bunduki. Na wimbo wa lugha hiyo, ulipovuma alfajiri, uliwafanya watu wafunge milango. Bunge liliporekebisha Katiba mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, bado walikuwapo wazee ambao jina lake tu liliwakumbusha siku hizo. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Lakini tazama jambo jingine. Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliuteka mji wa Kampala. Hao nao walisema Kiswahili na waliimba kwa Kiswahili, na watu wa Kampala walitoka majumbani kuwashangilia. Lugha ilikuwa ile ile; kilichogeuza masikio ya watu ni mwenendo. Miaka iliyofuata ilithibitisha jambo hili kwa upande wa pili, kwa maana vita vya Luwero na maovu waliyotendewa raia viliiondoa upesi ile furaha ya Aprili. Kwa hiyo sisi twaona kwamba wimbo wa askari hauna maana yake peke yake. Maana yake huazimwa kutoka kwa matendo ya waimbaji. Askari akimsaidia mjane kuvuka mto, wimbo wake wa asubuhi huwa mtamu masikioni mwa mjane huyo. Akimnyang'anya kuku, wimbo huo huo huwa tusi.

Yako pia maneno yenyewe, na hapa yatupasa kujifunza kwa majirani. Nchini Rwanda alikuwako mtunzi mashuhuri, Simon Bikindi, aliyechukua tuni za jadi na kuzitungia nyimbo za kizalendo. Mmoja, uitwao "Twasezereye", aliutunga mwaka 1987 kwa maadhimisho ya miaka 25 ya uhuru, kushangilia kuagana na utawala wa kifalme. Wakati ule wengi waliuona kuwa ni wimbo wa sherehe. Lakini ulilishangilia kundi moja la wananchi kwa kulikumbusha ubaya wa jingine, na mwaka 1994 nyimbo kama huo zilitumika katika propaganda ya kuchochea mauaji ya Watutsi. Mwaka 2008 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimhukumu Bikindi kifungo cha miaka 15. Hukumu hiyo ilitokana na maneno ya uchochezi aliyoyatangaza barabarani kwa kipaza sauti, wala si kwa kutunga nyimbo. Lakini mahakama ilieleza wazi jinsi nyimbo zake zilivyotumiwa. Rwanda yenyewe iliacha wimbo wake wa taifa wa zamani, na ikaanza kuimba mpya tarehe 1 Januari 2002. Funzo ni hili: wimbo unaomtaja ndugu kuwa adui hauozi. Hukaa ghalani kama baruti, ukingoja siku mbaya.

Kenya yatupa funzo la kheri. Uhuru ulipokaribia mwaka 1963, wanamuziki waliopewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa walichagua tuni ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo, watu wakaao kando ya Mto Tana. Wapokomo si kabila kubwa wala hawakuwa na nguvu ya utawala. Hata hivyo sauti ya mama zao ikawa sauti ya nchi nzima, na maneno yakatungwa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Jambo la jadi halikumtenga mtu, kwa sababu halikuletwa ili kundi moja lijigambe juu ya mengine. Lililetwa kama zawadi mezani pa wote.

Wimbo wetu wa taifa, alioutunga George Kakoma kwa ajili ya uhuru wa mwaka 1962, ni mfupi na wenye heshima. Ila umetungwa kwa Kiingereza, na wako wananchi wengi vijijini wanaousimamia kwa adabu bila kuuelewa. Huko vijijini watu wana nyimbo zao wanazozielewa, zikiwamo nyimbo za falme. Falme hizo zilifutwa mwaka 1967 na kurudishwa mwaka 1993. Polisi aliyepangwa kulinda sherehe ya ufalme husikia umati ukiimba kwa machozi, naye pengine hutoka upande mwingine wa nchi na haelewi neno. Asidhani kwamba anaimbiwa uasi. Mtu ampendaye mama yake hajamchukia shangazi yake. Vile vile nao waimbaji wa nyimbo hizo wakumbuke kwamba polisi yule, na majirani wasio wa ufalme huo, wana masikio pia. Fahari ya kwetu isiwe dharau kwa wengine.

Basi tufanye nini? Wako wasemao kwamba nyimbo za zamani zote zitupwe, tutunge mpya zinazofaa zama hizi. La hasha. Anayechoma nyumba ili kuua panya hubaki bila nyumba. Wako pia wasemao kwamba jadi ni jadi, isiguswe. Hao nao wasahau kwamba nyimbo hizi zimebadilishwa maneno mara nyingi, na kila kikosi kimeongeza lake. Sisi twapendekeza njia ya katikati.

Kwanza, mkufunzi asimfundishe kuruta wimbo bila kumweleza umetoka wapi na una maana gani. Askari anayeimba asichokielewa ni sawa na anayebeba silaha asiyojua kuifungua.

Pili, maneno yanayodhihaki kabila, yanayowadhalilisha wanawake, au yanayomtukana adui wa jana, yaondolewe. Sheria ya Msamaha ya mwaka 2000 iliwafungulia mlango waasi walioweka silaha chini, nao wamerudi kuishi kati yetu. Watoto wao wamo shuleni, na baadhi ya vijana wa vijiji vyao wamevaa sare ile ile. Yawezekanaje kijana wa Acholi akimbie mchakamchaka akiitikia tusi la nyumbani kwao? Hapo wimbo umewaunganisha mia na kumtenga mmoja, na huyo mmoja ndiye mwenye zamu ya kukulinda usiku.

Tatu, nyimbo za kazi, za mavuno na za kulea watoto kutoka kila pande za Uganda ziingizwe kambini, zitafsiriwe na kuitikiwa na wote. Mwananchi atakaposikia tuni ya kwao ikitoka vinywani mwa askari wasio wa kwao, atajua kwamba jeshi hilo ni lake.

Nne, tuimbe pamoja na raia badala ya kuwaimbia tu. Katika maadhimisho ya Tarehe Sita jeshi letu hufanya kazi za jamii: hutibu wagonjwa, husafisha masoko, hukarabati shule na zahanati. Hiyo ndiyo nafasi bora ya wimbo. Mtu aliyeshika ufagio pamoja nawe hataogopa kuitikia kiitikio chako.

Mapendekezo haya si anasa. Ibara ya 209 ya Katiba yaliagiza jeshi kukuza masikilizano kati yake na raia, na kazi ya polisi haiwezekani pasipo raia kutoa habari kwa hiari. Mwananchi aliyefunga mlango kwa hofu ya wimbo hatafungua mlango huo usiku atakapomwona mhalifu akipita.

Kwa hiyo, ndugu zetu askari, endeleeni kuimba, na imbeni kwa nguvu. Ila kesho alfajiri, mtakapopita kandokando ya vijiji, watazameni watu walio kando ya njia. Wakisimama na kutabasamu, na watoto wakiwafuata wakiigiza hatua zenu, jueni kwamba wimbo wenu ni wa taifa. Wakiingia ndani na kufunga, msiwalaumu. Rudini kambini mkayachunguze maneno ya wimbo, na baada ya hayo mkaichunguze na mienendo yenu.