Sataranji Haitaki Kasuku

Vijana wetu wachezao sataranji barazani wamezuka na desturi moja: kuhifadhi hatua kumi za mwanzo za bingwa fulani, mfano wa mwanafunzi wa chuoni aliyehifadhi matini asijue maana. Mpinzani akigeuza njia hatua ya sita, kijana huduwaa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Elimu ya ufunguzi wa mchezo si ya jana. As-Suli, bingwa wa Baghdad wa karne ya 10, aliandika kitabu cha sataranji, na mabingwa wa kale waliuita mpangilio wa mwanzo taabia, yaani kupanga safu za vita. Nani apangaye safu asijue atapiga wapi?

Natuutazame mchezo wa sita wa ubingwa wa dunia wa mwaka 1972, mjini Reykjavík, Aislandi. Fischer, Mmarekani, alizoea kumtanguliza askari wa mfalme. Siku hiyo alianzia upande wa malkia, na mchezo ukaingia katika Gambiti ya Malkia, ambamo mwenye kete nyeupe humtoa askari awe chambo. Spassky, bingwa Mrusi, hakukila chambo. Kati ya hatua ya 8 na ya 10 kete zikaliana, farasi kwa farasi. Punde Spassky akawa na askari wawili katikati, bega kwa bega, wasio na askari jirani wa kuwalinda. Fischer akawaandama. Hatua ya 20 akawachokoza kwa askari wake. Mmoja akasogea mbele, na nguvu zao zikafifia. Ndipo akamgeukia mfalme. Hatua ya 41 Spassky akasalimu amri.

Mwenye kukariri huona ushindi hatua ya 41. Mwenye kusoma huona mbegu yake ilipandwa kwenye hatua ya 10.

Basi, kijana, kabla ya kila hatua ya bingwa, ifunike kwa karatasi. Jiulize: mimi ningefanyaje, na kwa nini? Kisha funua ujipime. Mchezo mmoja uliosomwa hivyo wapita ishirini iliyohifadhiwa.

Siku ile watazamaji walishangilia, na Spassky mwenyewe akapiga makofi. Kushindwa kulimuuma, la shaka hakuna. Lakini alifahamu alichofanyiwa. Kasuku hawezi kupiga makofi hayo.