Simu yako haijui hilo ua

Leo tuweke kando mambo ya kuandika programu, tuzungumze maua kidogo.

Majuzi jirani yangu, mama mmoja mpenda bustani, aliniita. "Wewe kijana si ndiye mtu wa kompyuta? Basi niambie huu ni mmea gani." Hakuupanda. Uliota wenyewe kando ya seng'enge, ukakauka kiangazi kilipofika, kisha mvua ikaurudisha. Alikuwa amechimba akakuta kitu kama kiazi, na swali lake hasa lilikuwa hili: kinaliwa?

Nilitoa simu, nikakipiga picha kile kiazi. Programu ya kutambua mimea ikajibu bila kusita: kiazi kitamu, na asilimia kubwa pembeni. Mama akatabasamu. Mimi nikapiga picha nyingine, ya ua lenyewe, na sasa jibu likawa Gloriosa superba.

Nani mkweli? Nilitazama mmea wenyewe. Petali sita nyekundu zenye manjano, zimepinda kwenda juu kama ndimi za moto. Ncha ya kila jani imejikunja kama mkia wa kinyonga, ikishikilia seng'enge. Kiazi kitamu hakina hayo. Gloriosa ina sumu ya kolchisini mmea mzima, na zaidi kwenye hicho kiazi. Ni dawa ya jongo kwa vipimo vidogo vya daktari, lakini huko Sri Lanka watu wamekufa baada ya kukila wakidhani ni kiazi kitamu.

Sisi tunaoandika programu tuseme ukweli. Ile asilimia haipimi ukweli wala usalama. Inaonyesha tu jinsi picha yako inavyofanana na picha ambazo programu ilifunzwa, ikilinganishwa na majina mengine inayoyajua. Programu nzuri ingeomba picha ya ua na ya jani kwanza, na ingekuwa tayari kusema "sijui".

Kwa hivyo, jina la kwenye simu lichukue kama fununu tu. Halafu tafuta alama moja usiyoweza kuikosea, kama ule mkia wa jani. Ukibaki na shaka, peleka tawi lenye ua na majani kwa wataalamu wa mimea katika Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi.

Mama ameliacha ua lake, maana ni zuri kweli. Kiazi tulikifukia.