BAISKELI NAYO IWEMO RAMANINI

Katika jimbo la Colorado, huko Marekani, liko korongo liitwalo Glenwood Canyon, ambamo Mto Colorado hupita baina ya majabali yaliyosimama kama kuta, yenye kwenda juu mamia ya mita. Mahali pembamba hivyo pamepitishwa reli, barabara kuu ya magari, na njia ya baiskeli. Mpanda baiskeli aondokaye mji wa Glenwood Springs asubuhi hufika Dotsero, mwendo wa kilomita 26 hivi, akapumzika, na akarejea kabla ya jua kuchwa. Malori hunguruma juu yake au nyuma ya ukuta, naye anakwenda zake kwa salama kandokando ya mto.

Njia hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Serikali ilipotaka kupitisha barabara kuu humo, wananchi walisimama kulitetea korongo lao, na mabishano yakachukua miaka mingi. Hatimaye barabara ilijengwa juu ya madaraja yapatayo 40 ili miamba na miti visiharibiwe ovyo, na njia ya baiskeli ikatengenezwa pamoja nayo. Kazi ilikamilika Oktoba 1992, kwa gharama ya karibu dola milioni 490. Fedha hizo sisi hatuna, wala si hizo tunazozitamani. Tunachokitamani ni ile busara ya kumhesabu mpanda baiskeli tangu mwanzo.

Visiwani kwetu baiskeli si mchezo wa watalii. Ndiyo chombo cha mchuuzi wa samaki anayewahi soko, cha mkulima mwenye mzigo wa muhogo, na cha mwanafunzi ambaye skuli yake iko mbali. Hata hivyo, lami inapotandazwa, upana wake hupimwa kwa gari. Gari mbili zinapopishana, mwenye baiskeli hana budi kutumbukia mchangani, yeye na tenga lake. Siku asipowahi kutumbukia, watu huenda mazikoni.

Wapo watakaosema kwamba visiwa ni vidogo na ardhi haitoshi. Jawabu letu ni kwamba korongo lile ni jembamba zaidi. Tena, anayeiacha njia hiyo leo atakuja kuitia kesho kwa kubomoa nyumba, kukata mikarafuu na kulipa fidia mara ya pili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kujenga pekee pia hakutoshi. Moto uliunguza milima ya Glenwood mwaka 1020 na 1000 ukiongezwa, yaani 2020, na mvua za Julai 2021 zikaporomosha matope na mawe hata barabara kuu ikafungwa zaidi ya wiki mbili. Nasi tunazijua mvua za masika zinavyokula kingo za barabara zetu. Fungu la matengenezo lazima litengwe.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika Serikalini kwamba ramani yoyote ya barabara, Unguja na Pemba, isitiwe saini kabla haijaonyesha mahali pa kupita baiskeli na waendao kwa miguu, na masheha na wananchi wao wasikilizwe kabla katapila halijafika. Nao wapanda baiskeli watimize wajibu wao: washike upande wao, na usiku wawashe taa.

Barabara ni mali ya umma, na mwenye baiskeli naye ni umma.