Kavaa staa, katengeneza fundi, sifa kabeba nani?

Haya wadau, leo sina ubuyu wa nani kaachana na nani. Leo tuongee kitu kinachonikera siku nyingi, na kila ukifika msimu wa mapati ya kuvaa kama watu wa kwenye filamu kinajirudia vilevile.

Kuna dada mmoja hapa mjini, jina kapuni, wafuasi anao wa kumwaga. Bethidei yake aliifanya ukumbini na akataka kila mtu aje kivazi cha shujaa. Yeye akatokea na ngao ya kifua inang'aa kama bati jipya, vibamba vya mabega, mkanda unaowaka taa na mkuki mrefu kumzidi mwenyewe. Lile vazi lilikuwa kali bana, sibishi. Mtandaoni watu wakachanganyikiwa, na swali lililojaa kwenye komenti lilikuwa moja tu: "Kakutengenezea nani?" Akajibu, "Ubunifu wangu mwenyewe." Basi, ikaishia hapo. Aliyepamba keki katajwa. Mpiga picha katajwa. Aliyembandika kope katajwa mara mbili. Aliyekesha anakata foamu na kubandika, hola.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane. Mtu aliyekutengenezea vazi kwa mkono anastahili vitu viwili: hela inayolingana na kazi, na jina lake litajwe. Sio uchague kimoja. Vyote viwili.

Najua kuna watakaosema "si ni nguo tu hiyo". Ngoja niwaeleze hiyo "nguo tu" inavyozaliwa, maana nahisi wengi tunaona ikiwa imeshavaliwa tu.

Kwanza vipimo. Gauni la kawaida fundi cherehani anakupima kifua, kiuno, urefu, anamaliza. Ngao ya mwili haiendi hivyo, kwa sababu foamu haivutiki kama kitambaa. Wengi wanamfunika mteja kiwiliwili kwa nailoni, juu yake wanamzungushia tepu mpaka anafanana na mzigo wa kusafirisha mkoani. Halafu wanachora mistari kwa kalamu ya wino mzito, wanakata taratibu na kumvua lile ganda. Likikatwa vipande na kulazwa bapa, hiyo ndiyo patani.

Hapo bado hujagusa foamu. Inayotumika sana inaitwa EVA, na usishtuke, unaijua. Ndiyo ile ya vipande vya rangi vinavyounganishwa sakafuni watoto wakachezea juu yake, na ndiyo iliyomo kwenye soli za raba nyingi. Inakatwa kwa kisu chenye wembe mkali, na wembe wenyewe unakuwa butu haraka, kwa hiyo muda wote unanoa au unabadilisha. Ukikata na butu, ukingo unachanika kama mkate.

Kisha moto. Foamu ikipulizwa hewa ya moto inalainika, unaikunja juu ya goti au sufuria, unaishika mpaka ipoe, inabaki na umbo lile. Ndiyo maana ngao ya kifua inakaa kama kifua na sio kama boksi la televisheni. Joto hilohilo linaziba vitundu vya juu ili foamu isinywe rangi yote.

Gundi sasa ndiyo inatesa watu. Ni ile ya mafundi viatu. Unapaka pande zote mbili, unasubiri mpaka ukigusa hainati kidoleni, ndipo unakutanisha. Ikishakutana imekutana, hakuna cha "ngoja nisogeze kidogo". Na harufu yake sio marashi. Mvuke wake una madhara, kwa hiyo inatakiwa sehemu yenye hewa na barakoa yenye chujio la kemikali, sio ile ya kitambaa ya enzi za korona. Ukipiga msasa, vumbi nalo linataka barakoa na miwani. Sasa fikiria fundi anayefanya hayo yote kwenye chumba kimoja anacholala humohumo.

Kabla ya rangi kuna kuziba. Wapo wanaotumia gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, tabaka juu ya tabaka, na kila moja likauke kwanza. Ukiruka hatua hii, siku ya pati mteja akiinua mkono tu rangi inaanza kupasuka. Inapakwa nyeusi chini, fedha juu, halafu nyeusi nyepesi inapitishwa kwenye mifereji na kufutwa, ili chuma kionekane kimepigana vita kweli.

Bado vikorokoro. Mkuki ni bomba la plastiki la maji lililovalishwa foamu. Taa za mkandani lazima nyaya zifichwe, na betri iwe mahali pa kufikika. Kinyago kina maswali yake: mvaaji anapumuaje? Anaona wapi anapokanyaga? Macho yanaweza kuwa kioo cha miwani ya jua, au wavu mwembamba uliopakwa rangi. Na joto letu hili la Dar, mtu ndani ya foamu ataishi saa ngapi? Na choo jamani, atakwendaje chooni? Fundi mzuri hilo kaliwaza kabla yako.

Hata Hollywood yenye mabilioni mambo haya yaliwasumbua. Kwenye Batman ya 1989, Michael Keaton alivalishwa vazi la mpira ambalo shingo haigeuki, akitaka kutazama pembeni inabidi ageuke mwili mzima. Vazi la kwenye The Dark Knight ya 2008 likabuniwa upya ili Christian Bale aweze kugeuza kichwa. Kugeuza kichwa tu! Ukimuona fundi wetu wa mtaani katengeneza kinyago ambacho mtu anageuka, anapumua na anacheza muziki usiku kucha, mvulie kofia.

Sasa piga hesabu na mimi. Huu ni mfano tu, sio bei ya mtu. Mteja anatoa 150,000. Foamu, gundi, rangi, taa na mikanda vinakula 90,000. Zinabaki 60,000. Kazi imechukua siku 10, kila siku saa 8, jumla saa 80. Gawanya: 750 kwa saa. Na kwenye hiyo 750 kuna umeme, kuna nauli ya kuzunguka Kariakoo kutafuta vifaa, kuna mapafu yake. Halafu mteja bado anasema, "Punguza kidogo basi, si tunajuana."

Tena huyo ana afadhali. Kuna wale wanaokuja na kauli ya "nifanyie bure, nitakutangaza". Ndugu yangu, mwenye nyumba hapokei kodi ya matangazo. Na kichekesho ni kwamba wengi wao hata hilo tangazo hawalitoi.

Nirudi kwenye jina, maana hapo ndipo penye kidonda. Watu wanadhani kutajwa ni kutafuta kiki tu. Hapana. Mteja mpya akimfuata fundi anauliza swali la kwanza: "Nionyeshe kazi zako." Fundi anatoa simu, anaonyesha picha ya lile vazi. Mteja anacheka: "Hili si la dada fulani? Alisema alitengeneza mwenyewe. Wewe umeiba picha." Unaona ilivyo? Uongo mdogo wa kwenye posti umemgeuza mwenye kazi kuwa mwizi wa kazi yake mwenyewe. Oda imekwenda, na jina limechafuka.

Hii tabia wala haikuanzia kwetu. Huu mchezo wa kuvaa kama wahusika wa hadithi, kosplei kama wenyewe wanavyouita, una historia inayorudi hadi New York mwaka 1939, kwenye mkutano wa wapenzi wa hadithi za kisayansi. Forrest J Ackerman na mwenzake Myrtle R. Jones walitinga pale na mavazi ya watu wa zama zijazo, na hadi leo wanatajwa kuwa miongoni mwa waanzilishi. Mavazi yote mawili aliyatengeneza Myrtle. Ila kwa miaka mingi aliyeimbwa zaidi kuwa mwanzilishi ni Ackerman. Kumbe ugonjwa ni wa zamani, sisi tumeurithi tu.

Lakini dawa yake ipo, na tumeiona. Chukua Black Panther ya 2018, filamu iliyotupa mavazi ya mapati mpaka leo, na ndani yumo Lupita Nyong'o wa hapo jirani Kenya. Aliyebuni mavazi yake anajulikana: Ruth E. Carter. Mwaka 2019 akachukua Oscar, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda ya ubunifu wa mavazi, na 2023 akachukua tena kwa Wakanda Forever. Ule wekundu na shanga za askari wa kike wa Wakanda, mawazo yake yamechotwa pia kwa Wamasai, watu tunaopishana nao kila siku. Lile taji la Malkia Ramonda limetokana na isicholo, kofia ya wanawake wa Kizulu walioolewa, likatengenezwa kwa printa ya 3D kwa kushirikiana na mbunifu Julia Koerner. Yaani mpaka aliyesaidia taji anajulikana kwa jina! Angela Bassett ndiye aliyelivaa, akapendeza, na wala sifa zake hazikupungua hata robo.

Hapo ndipo mastaa wetu wanapokosea. Wanadhani wakimtaja fundi wataonekana wadogo. Mbona mkimtaja wa kope hampungui?

Utetezi mwingine ninaousikia ni huu: "Nimemlipa, imeisha." Sawa, lakini wa keki naye si umemlipa? Kama hutaki kabisa ijulikane nani katengeneza, mwambie mapema, mkubaliane, na umlipe zaidi kwa ajili ya huo ukimya, kwa sababu unamnyima oda za kesho. Hiyo ni biashara safi, siwezi kukulaumu. Ila kusema "nimetengeneza mwenyewe" wakati wembe wenyewe hujaushika, huo ni uongo, tusiupake poda.

Simsemi anayenunua vazi lililotengenezwa tayari kiwandani, ni hela yake na raha yake. Na yule anayejifungia ndani wiki mbili akatengeneza la kwake kweli, gundi imemganda vidoleni, huyo aringe mpaka achoke. Ana haki.

Na ninyi mafundi msijifiche nyuma yangu, nanyi mna yenu. Habari za "njoo kesho" mpaka pati imepita zinaua soko kuliko hata mastaa. Ukiona siku hazitoshi, kataa kazi. Chukua malipo ya awali yanayofunika vifaa vyote kabla hujakata kipande cha kwanza. Andikianeni makubaliano, hata kwenye WhatsApp: bei, siku ya kukabidhi, na kama jina litatajwa au la. Piga picha na video kila hatua, kuanzia patani mpaka rangi, kwa sababu mwenye picha ya foamu ikiwa bado haijapakwa rangi habishiwi na mtu. Na shona lebo ndogo ndani ya mkanda. Staa anaweza kufuta komenti zote, ila lebo ataitembeza nayo.

Sisi mashabiki nasi tuna kazi. Tukiona vazi kali, tuulize nani katengeneza, na tuulize tena. Wakijibu "mimi mwenyewe", tuwaombe video ya siku walipokuwa wanabandika. Mtu aliyetengeneza kweli hawezi kukosa hata picha moja ya chumba kilichojaa vipande.

Haya, nimemaliza ya kwangu. Kama una vazi, kinyago au ngao uliyotengenezewa kwa mkono, mtaje fundi wako hapo chini na sehemu anayopatikana, tumpelekee oda. Na wewe fundi uliyewahi kuona kazi yako imetrendi bila jina lako, tiririka, ila watu usiwataje. Tutajijua wenyewe.